Mashangazi Mbele ya Gari

Bibi harusi wa kwetu hasemi. Anainamisha uso, anashika maua yake, anaonekana mwenye haya mpaka mchungaji amuulize. Sasa mimi nafundisha fizikia sekondari, kazi yangu ni kusema toka asubuhi mpaka koo likauke. Siku ya harusi yangu nilikaa bubu ndani ya gari, Noah iliyokwama kwenye tope, nikitazama watu wenye akili zao timamu wakiisukuma kutoka pande zote mbili. Nilidhani nitapasuka.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mchungaji alikuwa atufungishe ndoa asubuhi, kisha apande pikipiki akafungishe nyingine kijiji cha mbali. Tukimkosa, basi mpaka baada ya Pasaka, maana Kwaresima hafungishi ndoa. Na mimi kumngoja Eliya mpaka baada ya Pasaka nisingeweza. Nampenda yule mwanaume, jamani. Wiki hiyo nzima nilikuwa nasahihisha madaftari huku nacheka peke yangu.

Kwetu Ilongero, katika ukoo wetu, binti haondoki kirahisi. Gari likianza kutoka, mashangazi wanasimama mbele yake, wanaweka mikono kwenye boneti na kulisukuma lirudi, wakiimba kwamba mtoto haendi. Upande wa bwana harusi unabembeleza, unagawa kanga na soda, mashangazi wanapisha. Ni mchezo tu, watu wanafurahi. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha, na mashangazi wakachagua kusimama pale bondeni chini ya nyumba, kwenye udongo mweusi. Dereva wetu Idrissa, kwa heshima zake, akasimamisha gari. Magurudumu ya mbele yakazama taratibu.

Amosi, kaka yake Eliya, akaita vijana wake wakasukume kwa nyuma. Mashangazi wakaona dharau. Hamjatubembeleza, mnatusukumia gari? Wakakaza. Vijana nao wakakaza. Nyuma wanaguna, mbele wanaguna, katikati niko mimi na shela langu.

Hili jambo nalifundisha ubaoni kila mwaka. Nachora kisanduku, mshale kulia, mshale kushoto. Mishale ikilingana, kinachobaki ni sifuri, na kisanduku hakipati mchapuko, hakiongezi mwendo hata chembe, hata wasukumaji wazimie kwa jasho. Wanafunzi wanaitikia, tumeelewa mwalimu. Leo kisanduku nilikuwa mimi, na nimekatazwa kufungua mdomo.

Kanga zikaletwa. Mashangazi wakajifunga, wakacheka, wakatoa mikono kwenye boneti. Nikashukuru Mungu mapema mno. Vijana walisukuma tena na gari likatikisika tu, kwa sababu mbele tope lilizidi kina, na kwa sababu shangazi Evodia hakutoka.

Shangazi Evodia ndiye aliyenilea baada ya baba na mama kufariki. Ni mwanamke wa kubeba gunia la alizeti akiwa anapiga hadithi. Kanga yake ilikuwa bado imekunjwa, ameitupa juu ya boneti. Haimbi. Ameinama, bega limekaa kwenye gari, na machozi yanamtoka. Wengine walikuwa kwenye mchezo, yeye alikuwa anasukuma kweli. Moyo uliniuma nikataka kushuka nimkumbatie, na papo hapo nikaona jinsi ya kutoka bondeni.

Nikashusha kioo.

"Shangazi, usiache kusukuma," nikasema. "Shemeji Amosi, toeni mikono huko nyuma. Njooni wote mbele, msukume pamoja naye."

Wote wakanigeukia. Bibi harusi kasema, na kasema kwa sauti ya darasani.

"Turudi nyuma?" Amosi akauliza. "Shemeji, kanisa liko huku mbele."

"Nyuma ardhi ni kavu, haizamishi. Shangazi anasukuma vizuri, ninyi ndio mnamharibia."

Shangazi akainua uso, akajifuta kwa kiwiko. "Mmemsikia mwalimu," akasema.

Wakaja na suti zao. Mashangazi nao wakarudi, nani angekubali kupitwa na uhondo ule. Idrissa akaweka gia ya kurudi nyuma. Magurudumu yakazunguka na kuwarushia tope wote waliokuwa mbele, nyuso, tai, kanga mpya, na hakuna aliyeachia, walikuwa wanacheka mno. Mishale yote sasa ilikuwa upande mmoja. Gari likachomoka kinyumenyume kwa mchapuko ambao sijawahi kuupata ubaoni, mimi nikatupwa mbele nikagonga kiti cha Idrissa kwa paji la uso, nikacheka mpaka wanja ukanitiririka. Tulisimama uani kwetu, kuku wakikimbia huku na huku.

Shangazi Evodia alifika akihema, tope mpaka kwenye nyusi.

"Nimekurudisha nyumbani," akasema.

"Umenirudisha, shangazi."

"Nilitaka wajue kwamba hatukukutupa." Akafungua mlango, akakaa juu ya shela langu jeupe na tope lake lote. "Haya Idrissa, pita njia ya juu, ya kwenye mashine ya alizeti. Unangoja nini?"

Tulimkuta mchungaji ameshawasha pikipiki, kofia ngumu kichwani, na Eliya amesimama mbele ya gurudumu akimsihi. Mchungaji alitutazama mmoja mmoja tulivyokuwa tunadondosha tope. Akavua kofia, akavaa joho, akatangulia ndani.

"Nani anamtoa binti huyu?" akauliza.

"Mimi," akasema shangazi Evodia.

Akauchukua mkono wangu akauweka ndani ya mkono wa Eliya, lakini wa kwake hakuutoa. Ikawa mikono mitatu. Mchungaji akatazama saa, akamtazama shangazi usoni, kisha akashusha mkono wa joho lake juu ya ile saa. Tukangoja wote, hakuna aliyevuta, mpaka shangazi alipoachia mwenyewe.