Masasi Inarudi kwa Mwenyewe

Asubuhi ile, pale Beni, Mama Adèle alikuwa anaosha sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba. Binti yake Rébecca alikaa ku mukeka, muguu imenyooka. Sasi ya bunduki ilimukamataka mu goti ku njia ya shamba, kule Eringeti, mu vita ya pili ya hapa kwetu, na docta alisema itabakia mule. Commandant Paulin wa ku barrière, pale baaskari banafungaka njia na kamba, alikuja kumupa pole na sukari.

« Ni bale baasi ba mu pori balifanya hii, mama. »

Sukari ilikuwa nzuri, tuseme ukweli.

Donc, Shafii, mutu wa kamio ya mizigo, akafika na kachupa. Ndani mulikuwa kama unga ya muhogo, mais ukiangalia muzuri, inatembea.

« Ni tufundi, Mama Adèle. Tumashini tudogo kupita mayayi ya chawa. Nilitupata ku kiwanja ya ndege, pale Rughenda. Tunaingia mu mwili, tunatengeneza. Mais utuambie kazi muzuri, juu tunafanya yote yenye unasema. »

« Tufundi tunasikia Kinande? »

« Tunasikia kupita bwana yako. »

Sasa Mama Adèle, ule ni mama wa adabu. Akikopa kisu, anarudisha. Sahani ya jirani ikimufikia na chakula, hairudi tupu, hapana. Anatia maharagi, ao hata kitunguu. Akamwanga tufundi ku goti, akatuambia vile alizoea:

« Mutoshe hii kitu, muirudishe kwa mwenyewe. Na adabu. »

Sasi ikatoka pole pole, kama mutu anatoka ku misa. Mufupa ikafunga. Rébecca akasimama, akaenda kuchota mayi, juu ndoo ilikuwa tupu.

Sasi nayo ikashika barabara. Mama Adèle akaifuata, aone nani ataipokea. Bamotari baliikwepa, balipiga klaksoni. Ku njia ya pori, haikukata kona. Ikaenda paka ku barrière, ikapanda ku buti ya Paulin, ikaingia mu bunduki yake. Tufundi tuliisha kuijaza baruti mupya. Kitu ya mutu hairudi tupu.

« Kumbe ilikuwa yako, » Mama Adèle akasema.

Paulin akafungua, akaangalia. « Ah, njo yenyewe. Merci, mama. Na tena imejaa! »

Mama Adèle akarudi kumaliza sombe.

Mais tufundi tunazaa kupita simbilisi, na hakuna mutu alituambia inatosha. Tuliingia mu mabega, mu mapaja, mu milango, hata mu makaburi. Masasi ikatoka yote, ikafanya mulongo kama siafu. Ingine ilishika njia ya Kasindi, ikavuka mupaka, hakuna mutu aliiomba karatasi. Hata jirani, Mzee Kahongya, akapona, akarudilia kinga, baiskeli yake. Padiri akasoma misa ya kushukuru.

Paulin naye akashukuru population, juu baaskari yake balikuwa bameisha masasi kabisa.

Siku ya kupanda maharagi, Rébecca akaenda shamba na miguu yake mwenyewe. Ku barrière, kamba ilikuwa palepale. Paulin akatosha sasi moja mu bunduki, akamuonyesha.

« Yako hii, ama? »

Rébecca akaigeuza mu mukono.

« Ndiyo, njo ile yangu. »

« Iko muzuri sana, » Paulin akasema. Akairudisha mu bunduki, akashusha kamba. « Pita, binti. Usalimie mama. »