Vumbi Mbele ya Nuru ya Kwanza

Alhamisi, saa nne asubuhi, Mwalimu Iliasi alifunga mlango wa darasa la fizikia mjini Kasongo, akawasha kompyuta yake ya sola. Kazi aliyopewa na wataalamu wa ng'ambo ilikuwa kusafisha ramani ya anga: kuondoa vumbi la nyota linaloziba nuru ya kwanza ya ulimwengu. Alilinganisha picha za anga lile lile katika masafa tofauti ya mawimbi. Kilichobadilika kilikuwa vumbi, kisichobadilika, nuru. Alipofika tabaka la tatu, vumbi lilianza kumwagika kutoka kwenye kioo cha kompyuta hadi mezani, jekundu, naye akalikingia beseni.

Katika tabaka hilo, kwenye kioo, Atumani kaka yake alikuwa ameketi, kurunzi kichwani. Shimo alimochimba dhahabu, huko Salamabila, lilikuwa limeporomoka mwezi wa pili. Mwenye shimo aliapa kwamba halikuwa na mtu. Basi Amisa, mkewe Atumani, hakuwa mke wala mjane. Bila kifo kuthibitika hakuweza kukaa eda, na maswali ya majirani yalikuwa yamemchosha.

Iliasi alimwita aje kutazama.

"Ni yeye," alisema Amisa. "Ile shati njo nilimushonea. Shemeji, umuache pale."

"Nikiacha vumbi, ramani yote itakuwa ya uongo."

"Basi unipe vumbi."

Iliasi aliona aibu, lakini alibonyeza kitufe cha kufuta. Atumani aliinua mkono, akatoweka, na beseni likapata uzito wa mtu mzima. Walilibeba watu wanne.

Msikitini hoja ilikuwa moja tu: maiti hii ikioshwa kwa maji itakuwa tope. Imamu aliamua afanyiwe tayamamu, atwaharishwe kwa vumbi badala ya maji. Mtu mmoja alinong'ona kwamba huko ni kupaka vumbi vumbi, akaambiwa anyamaze. Walimvika sanda, wakamswalia, wakamzika kabla ya alasiri. Amisa alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, akaingia eda.

Siku ya tatu mwenye shimo alifika kwa pikipiki, na watu wawili na karai.

"Mutu hakukuwa mule ndani," alisema. "Lakini hii vumbi njo ya shimo yangu."

Alikuwa na karatasi yenye mhuri. Walifukua kaburi, wakaliosha vumbi lote mtoni wakitafuta dhahabu. Hawakupata kitu.

Jumatatu wataalamu waliandika kwamba ramani ni safi ajabu.

Amisa, ambaye eda ilimzuia kutoka, aliuliza akiwa nyuma ya mlango kama kaburi limefunikwa vizuri.

"Limefunikwa," alijibu Iliasi, aliyetoka kulifunika mwenyewe, likiwa tupu.