Tambi za Mgeni

Kuna watu wakiambiwa chakula chao kibaya hununa wiki nzima. Dada huyu ninayemsimulia alikuwa kinyume: Jumapili ile alipika huku akiomba atukanwe. Si na kila mtu, la hasha. Na mdogo wake mmoja tu, kitindamimba wa kwao, Kitinda kwa kifupi, ambaye tangu alipoota meno hakuwahi kula chakula cha dadaye bila kukisema. Wali ukiwa mgumu, aliuliza fundi mwashi ni nani. Mchuzi ukiwa mwepesi, alijifanya ananawa. Dada alimfukuza na mwiko kuzunguka meza, mama yao akacheka mpaka akashika kiuno, na mwisho wa yote sahani ya Kitinda ilirudi jikoni haina hata punje. Ndivyo walivyopendana. Kama kwenu mnapendana kwa maneno matamu, hongereni.

Sasa miaka miwili ilikuwa imepita bila tusi hata moja.

Mama aliugua miezi mitano. Dada ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko. Kitinda alikuwa mbali kikazi, na kila akipiga simu ilikuwa "wiki ijayo, dada, Mungu akipenda." Wiki ijayo ikafika pamoja na jeneza. Alipotokea makaburini, begi bado liko mkononi, dada alimtazama mbele ya watu akasema, "Karibu, mgeni." Ulimi hauna mfupa. Watu wote walisikia, hata wachimba kaburi wakainamisha vichwa. Kitinda alilichukua neno lile akaenda nalo, na tangu siku hiyo akawa mgeni kweli kweli. Akipiga simu ni habari za afya, tunashukuru, haya dada, nakutakia siku njema. Siku njema! Kama karani anayemaliza kumhudumia mteja.

Dada alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Mchana kutwa mashati na mashuka, jioni anarudi kwenye vyumba viwili alivyoachiwa na mama, anawasha redio ili ndani pasikike sauti ya mtu. Na kulikuwa na jambo jingine, alilolificha kama kidonda. Tangu homa aliyougua miezi minane nyuma, pua yake ilikuwa imekufa, na ulimi ukaifuata. Nguo ikianza kuungua hasikii harufu. Kazini alipiga pasi kwa kuhesabu moyoni, nne na kuinua, nne na kuinua, akiogopa tajiri asije akajua akamfukuza. Nyumbani alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Angemwambia nani? Redio?

Basi Kitinda alipopiga simu kusema atakuwa na kazi ya siku mbili mjini, na Jumapili akipata nafasi atapita kumsalimu, "kama haitakusumbua," dada alimjibu aje kula. Baada ya kukata simu akaanza kuhangaika. Apike nini? Kila chakula alichokijua kilikuwa na mkono wa mama ndani yake, na ukigusa mkono wa mama umegusa ugomvi. Dukani akaona pakiti ya tambi za Kichina, nyuma yake imechapwa picha na maelezo: nyama ya nguruwe, tangawizi, kitunguu saumu, mchuzi wa soya, dakika ishirini. Chini wameandika, "Rahisi hata kwa asiyejua kupika." Akatabasamu peke yake pale kwenye rafu. Kitinda akiyaona maneno hayo, atakosaje la kusema?

Jumapili alasiri akaipanga nyama, mwuza nyama amemkatia vipande vyembamba kama alivyomwomba. Akamenya tangawizi, akachinyanga karoti na kabichi, akachemsha tambi akazichuja. Mafuta yalipopata moto akatia kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyama, akaigeuza mpaka ikashika rangi. Alikuwa anakwenda vizuri tu. Ndipo akasikia hodi, nusu saa kabla ya wakati.

Kitinda wa zamani angeingia hadi jikoni na kufunua vyungu. Huyu alisimama nje mpaka akaambiwa karibu. Akavua viatu akavipanga sambamba, akatoa pakiti ya biskuti kwa mikono miwili. "Shikamoo, dada." Akatazama sebule aliyojifunzia kutambaa, kiti cha mama, meza yenye alama ya kisu alichochezea mwenyewe, akauliza, "Nikae wapi?"

Dada alimwonyesha kiti akakimbilia jikoni. Nyama ilikuwa inakaribia kuungua. Akanyoosha mkono kwenye rafu ya dirishani, akashika chupa yenye karatasi ya soya, akapima nusu kikombe kama pakiti ilivyosema, na kwa kuwa rangi haikumridhisha akaongeza. Akatia tambi, akakoroga. Mvuke ukamwingia machoni yakamchoma, akasema moyoni ni moshi wa nyama. Alipotoka na sahani akaona macho ya Kitinda nayo yamelowa. Anamkumbuka mama, akawaza, na akafurahi kidogo.

Wakaketi. Kitinda akasokota tambi kwenye uma, akatia kinywani, akatulia. Sasa, dada akawaza. Sasa atasema. Kitinda alimtazama dadaye kwa muda, akainamisha kichwa, akaendelea kula. Akala akinywa maji kila baada ya tonge. Dada naye alikula, akasikia kitu kinamchonyota pembeni mwa ulimi, akakisingizia tangawizi.

"Nikuongeze?"

Kitinda alifumba macho kidogo. "Niongeze, dada."

Akamaliza na ya pili. Akafuta mdomo, akasema, "Asante sana. Chakula kitamu." Akaaga, akavaa viatu, akaenda zake kituoni jua halijazama.

Dada alisimama katikati ya sebule. Chakula kitamu. Afadhali angempiga kofi. Alijiona mpweke kuliko siku ile aliyorudi kutoka makaburini, maana siku ile alikuwa bado na hasira za kumliwaza.

Akaenda kuosha vyombo. Sabuni ilikuwa kwenye mfuko aliotoka nao dukani, umetundikwa nyuma ya mlango. Akatia mkono, akatoa sabuni, na chini yake akakuta chupa ya soya. Mpya. Kifuniko hakijavunjwa.

Akageuka kuitazama ile ya dirishani. Akakumbuka: chupa kuukuu aliyoiokota kazini, akaijaza siki ya kahawia ya kutolea ukoga ndani ya birika. Akaimimina kiganjani, akailamba. Hakuna kitu. Lakini alijua. Nusu kikombe, na nyongeza.

Akachukua simu. "Uko wapi?"

"Kituoni, dada. Basi bado."

"Zile tambi nilitia siki. Siki ya kusafishia birika."

"Zilikuwa nzuri tu, dada."

"Usinidanganye mimi."

Alisikia watu wakizungumza kule kituoni, na pumzi za mdogo wake.

"Nilijua ni siki," Kitinda alisema. "Nilipoketi tu, macho yakaanza kutoka machozi. Nikadhani umefanya makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Ya mama. Nikasema acha nile, nastahili. Uliponiuliza kama uniongeze nikajua bado hujanimaliza."

Dada akakaa chini, sakafuni, sabuni bado iko mkononi. Alitaka kusema mengi, yakagombania mlango, likatoka ambalo hakulipanga. "Mimi sisikii harufu, Kitinda. Wala ladha. Miezi minane sasa, tangu ile homa."

"Nani anajua?"

"Wewe."

Kule upande wa pili akasikia basi likifika, watu wakipanda, injini ikinguruma na kufifia. Pumzi za Kitinda zilikuwa bado ziko palepale.

"Basi limekuacha," dada alisema.

"Nimeliona. Tambi zimebaki ngapi?"

"Nusu sufuria."

"Usimwage. Lile birika la mama lina ukoga tangu niko darasa la kwanza."

Hakupiga hodi. Aliingia na viatu vyake, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria, akainusa, na akasema neno ambalo mama asingeruhusu lisemwe mezani. Dada alikuwa tayari anatafuta mwiko.