Vichwa vya Kamba

Saluni kwangu wananiita Redio, na sijawahi kununa. Mteja akikaa kwenye kiti changu, kabla sijamaliza kumfumua nywele nimeshajua nani kamwacha nani, na akiinuka anaondoka na habari za wenzake pamoja na misuko yake. Ndiyo maana hili ninalolisimulia linanichoma. Siku moja, mezani, mbele ya watu watatu ninaowapenda, palihitajika mtu wa kusema maneno matatu tu, na Redio ikazima.

Wikendi hiyo nilikuwa mgeni mjini, kwa binti wa marehemu kaka yangu. Anafanya kazi kwenye duka la miwani na anaishi na mama yake, yaani wifi yangu, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake imebandikwa karatasi ya "MBOVU" mpaka karatasi yenyewe imepauka. Binti alikuwa amepata mchumba, mpima ardhi, kijana mrefu, mpole, asiyeweza kuona kitu kimekaa upande. Akifika mezani ananyoosha uma, ananyoosha kijiko, ananyoosha na kitambaa cha meza. Nikambatiza Mpima papo hapo. Nilikuja kumkagua, tusidanganyane.

Jumamosi mchana akatutoa kwenda kula nje, mkahawa wa vyakula vya baharini wenye jiko la wazi, unaona moto unavyoruka na wapishi wanavyofokeana. Mimi natoka bara. Kwetu samaki hufika amekauka kama soli ya kiatu. Nikaagiza kamba wa kuchoma, wale wakubwa wenye masharubu, nikawashughulikia kwa vidole vyote kumi. Wifi akachukua ngisi, Binti samaki. Mpima akamvuta mhudumu pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kikaango cha kuku ndicho hichohicho cha kamba.

"Mkwe!" nikamrukia. "Umetuleta mpaka baharini uje ule kuku? Na kikaango nacho unakipima?"

Akacheka kwa haya. "Mimi na kamba hatuelewani, Shangazi."

"Hajakutana na kamba niliyempika mimi huyu."

"Hali kamba, Shangazi," Binti akasema. "Mwache."

Nikamwacha kwa mdomo, moyoni sikumwacha. Miaka yangu yote nimesikia watu wakisema hawali hiki na kile. Mume wa rafiki yangu alikuwa hali maini. Siku nilipoyasaga nikayachanganya na nyama bila kumtajia, alilamba sahani akauliza kama yamebaki mengine. Kwangu mimi kutokula kitu kulikuwa ni maringo, na mwenye maringo dawa yake ni kumfichia. Hakuna aliyetaja ugonjwa. Baadaye ndipo nilipojua kijana aliona aibu kuanza kuorodhesha maradhi yake mbele ya wakwe siku ya kwanza tu, na Binti alidhani kusema "hali" kunatosha. Kwa mtu mwingine kungetosha.

Halafu kwetu kuna mchezo. Tangu enzi za mama yetu, mpishi wa siku ya wageni huweka chunguni kitu kimoja asichokitaja. Watu wanakula huku wanakisia, na atakayepatia haoshi vyombo. Mpishi hafungui mdomo mpaka sahani ziwe tupu. Kaka yangu alikuwa bingwa. Aliwahi kutambua ganda moja la mdalasini kwenye sufuria ya watu ishirini. Tangu afariki, mchezo ulikuwa umepoa. Nikasema Jumapili hii naufufua.

Asubuhi mimi na Wifi tukaenda soko la samaki. Nilimchagua samaki mmoja, changu mkubwa, macho yake bado yanang'aa utadhani anataka kuniuliza jambo. Wifi alipokwenda kutafuta ndimu, nikamwomba muuzaji wa kamba vichwa alivyokuwa akivitupa kwenye ndoo. Akanijazia mfuko, akaniuliza kama nafuga paka. Nikamwambia nafuga mkwe. Tukacheka wote wawili.

Jikoni nikawafukuza watu wote. Nikavikaanga vile vichwa mpaka vikawa vyekundu, nikavitia maji, nikavichemsha, nikavisaga kwa mgongo wa mwiko, kisha nikachuja kwa kitambaa mara mbili. Ikatoka supu ya rangi ya machweo, nzito, yenye utamu wa kumfanya mtu asahau deni. Ndiyo niliyotumia kwenye mchuzi, na nyanya, na kitunguu saumu, na samaki wangu. Makapi nikayafunga kwenye gazeti, gazeti kwenye mfuko, mfuko chini kabisa ya pipa. Nyumba nzima ilinuka samaki, nani angejua?

Mchana Mpima akaja, tukakaa mezani. Nikatangaza, "Chunguni kuna kitu. Kisieni."

"Tangawizi," Wifi akaanza.

"Wifi, ulimi wako umestaafu?"

"Siki?" Binti akasema.

"Utaosha vyombo mpaka Jumatano."

Mpima alikuwa kimya, anakula. Anakula vizuri, jamani! Sahani ya kwanza ikaisha, akaisogeza mbele akainyoosha, akasema, "Shangazi, naweza kuongeza?" Nikamwangalia Wifi kwa jicho la ushindi. Nikampakulia mwenyewe, mchuzi mpaka ukingoni.

Alikuwa amefika nusu ya ile ya pili alipoweka kijiko chini, akaanza kukuna kiganja. Akakuna kiganja cha pili. Akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea.

"Shangazi, humu kuna nini?"

"Kisia!"

Hakucheka. "Sikisii. Nauliza."

Alinitazama usoni, na shingoni mwake niliona alama nyekundu zimeinuka, moja, mbili, halafu nyingi, kama mtu aliyelalia siafu.  Nilijua. Sijui nilijuaje, lakini vyote vilinirudia: mkahawa wa jana, kikaango, sauti ile ya chini. Yule hakuwa akiringa. Alikuwa akiogopa.

Na hapo ndipo ilibidi niseme. Wifi alikuwa ananitazama, Wifi ambaye miaka yote ananiambia nina mkono mrefu kwenye mambo ya watu. Binti alikuwa bado anatabasamu, anadhani ni sehemu ya mchezo. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Hakuna kitu. Labda pilipili imekuzidi. Kunywa maji."

Akanywa maji. Mungu wangu, alinisadiki, akanywa maji.

Sijui zilipita sekunde ngapi. Nilisikia jokofu likinguruma. Nilisikia mtu kwenye ghorofa ya juu akiburuta kiti. Kisha mdomo wa juu wa Mpima ukaanza kuvimba mbele ya macho yetu, unafura kama andazi kwenye mafuta, na pumzi yake ikaanza kupiga mluzi.

"Vichwa vya kamba!" nikapiga kelele. "Nimechemsha vichwa vya kamba! Nimechuja! Viko kwenye mchuzi!"

Binti aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nilikwambia hali! Shangazi, nilikwambia hali!"

"Nilidhani maringo..."

"Maringo? Akila anakufa! Alilazwa siku tatu akiwa shuleni! Dawa yako iko wapi?" alikuwa ameshamgeukia mchumba wake, anamshika mashavu. "Iko wapi?"

Mpima alionyesha mlango kwa kidole. Maana yake nyumbani kwake, ng'ambo ya mji. Alikuwa amekuja kula kwa wakwe. Nani anakwenda kula kwa wakwe na dawa mfukoni?

 Wifi alitoka akaanza kupiga mlango wa jirani kwa ngumi zote mbili. Jirani ni dereva wa gari la mikate, tunamwita Baba Mikate, alikuwa ndiyo kwanza amevua viatu. Akaja hivyohivyo, miguu mitupu, akamwangalia Mpima mara moja na kusema, "Mkalisheni kwenye kiti. Tunambeba na kiti."

Ngazi za ghorofa nne. Baba Mikate mbele, Wifi upande mmoja, mimi upande wa pili, tumeshika miguu ya kiti cha plastiki kilichokuwa kikipinda kila tukikata kona. Binti nyuma, ameshika kichwa kisidondoke. Niliipita ile karatasi ya "MBOVU" kila ghorofa, na kila nilipoipita nilijiona imeandikwa kwa ajili yangu. Uso wa Mpima ulikuwa hapa, pembeni ya uso wangu. Macho yamebaki mistari miwili. Pumzi inaingia kama kamba nyembamba inayovutwa kwenye tundu la sindano, na kila ilipoisha nilisubiri nyingine nikiwa nimebana ya kwangu.

Nyuma ya gari hakuna viti, kuna trei. Tukamlaza alipotaka kukaa, akapiga mikono, tukamkalisha tena. Mikate ilituangukia magotini. Ilikuwa bado na uvuguvugu, inanukia vizuri, na mpaka leo harufu ya mkate wa moto inanipandisha kichefuchefu.

"Zungumza naye," Wifi akaniamuru. "Si wewe ndiye unayejua kuongea? Zungumza!"

 Nilimshika kiganja kilichojaa vipele nikasema, "Mkwe, mkwe, mkwe," basi, kama kaseti iliyokwama, mpaka gari likafunga breki.

Mlangoni muuguzi mmoja akamtazama, akapaza sauti ndani, kisha akatugeukia. "Amekula nini?"

Binti alikuwa analia hawezi kujibu. Wifi akanitazama. Hakunisaidia, na alikuwa na haki.

"Kamba," nikasema. "Nimemlisha mimi. Alikuwa hajui. Sahani moja na nusu."

"Muda gani umepita tangu aanze kuvimba?"

"Robo saa. Alianza kukuna kabla. Aliniuliza, nikamwambia hakuna kitu."

Muuguzi alisita kidogo tu, jicho lake likakaa usoni mwangu. Kisha wakampitisha kwenye mlango wa kusukuma, na nilichoona cha mwisho ni mkasi ukikata suruali yake, ile aliyoipiga pasi kwa ajili yetu, na sindano ikienda pajani.

Tukakaa kwenye benchi. Baba Mikate alisimama ukutani na miguu yake mitupu. Mlango ule ulikuwa na kioo cha duara, na kila kichwa kilipopita nyuma yake nilitaka kusimama na nilitaka kukimbia. Nilimwona daktari akiinama. Nilimwona mtu akikimbia na kitu mkononi. Binti alikaa mwisho wa benchi, mbali nami, na ule upana wa benchi kati yetu ulinitisha kama kile kioo.

"Nilikuona," Wifi akaniambia bila kugeuka. "Ulijua, ukanyamaza."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kujitetea, na mimi sikosi majibu. "Niliona haya, Wifi. Mbele yako."

Hapo akanigeukia. "Mtoto wa watu angekufa kwa haya zako."

Daktari alitoka baadaye akasema sindano imeshika, pumzi imefunguka, lakini hatamruhusu atoke mpaka kesho, kwa sababu hali kama ile huweza kurudi baada ya saa kadhaa hata mgonjwa akiwa anacheka. Wengine wakashukuru. Mimi nilisikia neno moja tu, "kurudi". Basi langu la jioni liliondoka na kiti changu kitupu. Mpaka asubuhi sikupiga simu kwa mtu yeyote, na wanaonijua watakuambia hiyo haijawahi kutokea.

Jumatatu akatoka. Uso umepungua lakini macho bado mazito, suruali ameazimwa na Baba Mikate, fupi inaishia kwenye ugoko. Tulipofika nyumbani, chungu cha jana kilikuwa bado mezani kimefunikwa. Wifi alikibeba akakitoa nje, chungu na vyote.

Nilisimama mbele ya kijana. "Mkwe, jana uliponiuliza, nilikuwa nimeshajua. Nikakudanganya."

"Nilikuona, Shangazi," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Nilikuona usoni. Lakini nikajiambia hawezi." Akakaa, akanyoosha kitambaa cha meza. "Na mimi ningesema mapema. Niliona aibu."

 Binti alikuwa ananitazama, anasubiri, na nilijua nikirudi kwetu hivihivi, harusi hiyo nitaisikia kwa watu.

"Nina njaa," Mpima akasema.

 Hakuna aliyeinuka.

"Mimi siingii jikoni," nikasema. "Kamwe."

"Utapika wewe." Akasimama, akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka katikati ya jiko. "Mimi nitakaa hapa."

Binti akaja akasimama nyuma yake, mikono mabegani mwake. Nikatoa kwenye boksi kikaango kipya cha Wifi, nikakiosha, nikakiosha tena. Nikawasha moto. Yai la kwanza lilinidondoka sakafuni, na hakuna aliyecheka.

"Mafuta," nikasema kwa sauti, kama anayeapa. "Chumvi. Yai."

Nikamwekea sahani mapajani. Akaitazama, kisha akaniinulia yale macho mazito.

"Na nini tena?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Maneno yaleyale. Yalinitoka yamekauka, na nikaona vidole vya Binti vikikaza mabegani mwa mwenzake. Mpima alikata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna polepole. Akameza. Na mimi nilisimama pale na mwiko mkononi, sijui kama napumua, naitazama ile shingo.