Neno Moja la Brent

Brent alisimamia mafundi wa mapaa pale San Antonio, na hakuwa na Kihispania, lugha yao, hata cha kuombea maji. Kwa mafundi wake alikuwa na neno moja tu la Kiingereza: bro, yaani kaka. Akilivuta, umemuudhi. Akilikata, acha ulichoshika. Akilipandisha mwishoni, anauliza kama umemaliza. Akilicheka, ni saa ya kula. Itzel, msichana wa wiki moja kazini, aliyajua hayo yote kabla mkono haujaizoea nyundo.

Nafasi hiyo aliombewa na mjomba wake, Fermín, ambaye asubuhi alimwonya: "Wewe pigilia misumari, basi. Brent akikukuta umezubaa tena, leo hii unarudi nyumbani, na mimi sikutetei."

Kufika saa tano vigae vya lami vilikuwa vinanata viatuni. Brent alikuwa amekwenda ukingoni, upande wa paa uliooza kwa mvua, bila kamba ya usalama. Kamba aliwafunga wengine.

"Bro," alisema.

Nyundo hazikusita. Chuy, fundi aliyekuwa karibu nao, alicheka. "Anakusalimu, Mzee Fermín. Leo kaamka vizuri."

Itzel hakucheka. Neno halikuvutwa wala halikukatwa. Lilitoka dogo, halina pumzi. Aliinua macho. Brent alikuwa amewapa mgongo, mikono ameiweka mbali na mwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa pomoni.

Kama kumbe si kitu, atafukuzwa kazi. Aliweka nyundo chini.

"Itzel, rudi," mjomba alisema taratibu.

Itzel alilala kifudifudi akatambaa mpaka kamba yake ikakaza, akanyoosha mkono, akaushika mkanda wa suruali ya Brent. Ubao ukakatika papo hapo. Mguu wa Brent ukazama hadi pajani, na vipande vikasikika vikianguka uani. Bega la Itzel liliwaka moto. Hakuachia. Chuy na Fermín walikuwa tayari wanaivuta kamba.

Walipomtoa, Brent aliketi juu kwenye kilele cha paa, uso mweupe kama chokaa.

"Bro," alimwambia Itzel, kisha akatikisa kichwa, kama aliyeona neno halitoshi. Akamgeukia Fermín, akamwonyesha msichana kwa kidole na kuinua nyusi.

Fermín alifungua mdomo, lakini aliwahiwa.

"Itzel," alisema msichana mwenyewe, kwa sauti.

Brent alijaribu kulitamka, akaliharibu, akajaribu tena. Halafu akashuka chini hadi garini kuchukua kamba yake. Itzel aliokota nyundo yake. Hakuna aliyemwambia arudi nyumbani.