Kifundo cha Bwana Haraka

Kuna watu wanaosamehe, Mungu awazidishie. Binti wa fundi hakuwa miongoni mwao, na wala hakujifanya. Alikaa na kinyongo chake miaka miwili, akikitunza kama mtu anavyotunza kisu kizuri: hakati nacho vitunguu, lakini kila jioni anakipitisha kwenye jiwe.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yake alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kufulia, kile kinachopokea shuka na mataulo ya hospitali na hoteli kwa magunia. Mashine zake si mchezo, mtu mzima anaingia ndani na kusimama. Pipa linazunguka kulia sekunde ishirini, linapumzika sekunde tano, linazunguka kushoto ishirini, linapumzika tena, hivyo hivyo mpaka nguo zitakate. Anayetoa amri hiyo si mtu. Ni taima, kijidude kinachoenea kiganjani, kimefungwa ndani ya sanduku la umeme, kinahesabu na kuwasha na kuzima mota kutwa nzima bila kudai chai. Na zile sekunde tano zina maana yake. Pipa lililojaa nguo zilizolowa halisimami mara moja. Ukiligeuza bado linakwenda, mota inapigana na uzito wote ule, inapata moto, na mwisho inaungua.

Baba alilijua hilo. Msimamizi wa kiwanda hakutaka kulijua. Huyo walimwita Bwana Haraka, na methali yake mnaijua, sina haja ya kuimaliza. Kwake yeye mapumziko ni uvivu, awe mtu au mashine. Baba akimpa kisogo tu, anafungua sanduku na kupunguza: tano ikawa tatu, tatu ikawa moja. Baba anarudisha, anamwonya, anarudisha tena. Siku mota ilipoungua na moshi kujaa ukumbini, Bwana Haraka aliwakusanya wafanyakazi uani mbele ya mwenye kiwanda, akasema fundi amezeeka, mikono inatetemeka, amekosea kupanga taima. Mzee wa watu akafukuzwa mchana kweupe, na mkoba wake wa vifaa ukapekuliwa getini kama wa mwizi.

Toka hapo hakushika waya tena. Mtaani wakamwita yule aliyechoma kiwanda. Hata jirani wa ukuta mmoja, pasi yake ilipoharibika, alimpita mlangoni akaipeleka kwa fundi mwingine, na salamu akatoa. Binti alimwona baba yake akiitikia salamu ile, halafu akiingia ndani kulala, saa nne asubuhi. Hapo ndipo alipoapa. Jina la baba litasafishwa, na atakayelisafisha ni yule yule aliyelichafua, kwa mdomo wake mwenyewe.

Mafundi waliofuata hawakudumu. Ikaungua mota ya pili, ikaungua ya tatu. Mwenye kiwanda, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akanunua mashine nne mpya na kutafuta fundi wa kuzifungia umeme. Binti akaenda na vyeti vyake, akapata kazi. Hakuna aliyemuuliza ni mtoto wa nani.

"Mwanangu, achana nao," baba akamwambia. "Mimi nimeshamwachia Mungu."

"Wewe umemwachia, baba. Mimi namsaidia kubeba."

Siku ya pili tu Bwana Haraka akamfuata kwenye sanduku la umeme la mashine zote nne. "Dada fundi, hizi sekunde za kupumzika zinapunguzwa wapi?"

"Ndani, kaka. Kwenye taima."

"Niwekee kifundo cha kuzungusha hapa nje mlangoni. Sitaki kila saa kufungua fungua."

Binti akainama, akajifanya anatafuta skrubu, maana uso ulikuwa unataka kumsaliti. Alikuwa amekuja na mipango mitatu kichwani, yote migumu, na huyu bwana anajisokotea kitanzi mwenyewe.

"Nitakuwekea, bosi. Kizuri, chenye namba. Mtu mwenye uzoefu kama wako lazima awe na chake." Akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na jamaa akang'aa.

Akatoboa mlango wa sanduku, akafunga kifundo cheusi chenye namba moja mpaka tano. Nyuma yake akaunga waya mbili, akazikata zikiwa na urefu wa kidole, akazifunika ncha kwa utepe. Hazikwenda popote. Taima yenyewe akaipanga sekunde tano, akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Kuharibu mashine hakutaka. Mashine haikumkosea kitu.

Wiki hiyo hiyo Bwana Haraka akakishusha kifundo mpaka tatu. Wiki ya pili, moja. Kila akikizungusha anasimama, anasikiliza pipa, anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unasikia tofauti?" anamuuliza mkunja shuka aliye karibu. Mkunja shuka anaipenda ajira yake, kwa hiyo anasikia. Binti akapita na ngazi yake begani, amejiuma midomo asicheke.

Mwezi ukaisha mashine hazijasimama hata siku moja, na magunia ya nguo safi yalikuwa mengi kuliko wakati wowote. Mwenye kiwanda akaja kujionea, wafanyakazi wakamzunguka. "Fundi, hongera," akasema.

Bwana Haraka hakuweza kuvumilia. Sifa zikienda kwa mwingine, yeye huwashwa mwili mzima.

"Mama, fundi amefunga waya tu. Kasi ni yangu mimi. Nimepunguza mapumziko. Ona, nimeweka moja."

"Fundi alikuruhusu?"

"Mafundi waoga, mama. Ukiwasikiliza hufui hata leso."

Binti akauliza kwa upole, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu: "Kumbe hata zile mashine za zamani ulikuwa unapunguza mwenyewe, kaka?"

"Nani mwingine? Yule mzee anarudisha tano, mimi nashusha moja. Anarudisha, nashusha. King'ang'anizi yule." Akacheka, akawatazama wenzake wacheke naye. Hakucheka mtu. Ulimi ulikuwa umeshaponza kichwa, na kichwa chenyewe hakina habari.

"Siku ile mota ilipoungua," mwenye kiwanda akauliza polepole, "uliishusha ngapi?"

Sasa akaelewa. Akakishika kifundo. "Lakini moja haichomi mota, mama. Hizi ziko moja mwezi mzima, na hakuna iliyoungua. Ushahidi si huu hapa?"

Binti akatoa ufunguo, akafungua mlango, akaonyesha zile waya mbili fupi. "Kifundo hiki hakijaungwa na kitu. Taima ni hii hapa ndani, na iko tano tangu siku ya kwanza. Kaka amekuwa akizungusha plastiki."

Aliyeanza kucheka ni mkunja shuka. Baada yake ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakashikilia meza. Mwenye kiwanda peke yake hakucheka.

"Kwa nini umeniwekea kitu cha uongo kwenye mashine zangu?"

"Kwa sababu yule mzee king'ang'anizi ni baba yangu, mama. Nilitaka uyasikie kwa mwenye nayo."

Mwenye kiwanda akalitazama pipa likizunguka kulia, likipumzika, likirudi kushoto. Kisha akamwambia Bwana Haraka akusanye vitu vyake, na kwamba kabla ya kwenda kwake watapita kwanza kwa mzee, wote watatu. Mchana huo huo gari la kiwanda likasimama mtaani, milango ikafunguka nyumba hata nyumba. Mwenye kiwanda akaomba radhi kwanza. Bwana Haraka akafuata, akasema yote, kwa sauti ya kusikika, kwa sababu kila aliposhusha sauti mama alimwambia arudie. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia," akasema, akaingia ndani.

Binti roho yake ikawa kwatu. Huruma aliitafuta, hakuiona, na hakuona haja ya kuikopa.

Bwana Haraka akamgeukia, jasho likimtiririka. "Dada yangu, niombee kwa mama. Nina watoto."

"Baba yangu naye alikuwa na mtoto," akamjibu, "na ndiye huyu unayemwomba."