Gundi Ndani ya Swichi

Ufunguo ulikatika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Babaangu akabaki ameduwaa kwenye usukani, kiganjani ameshika kipande chenye plastiki nyeusi. Kipande kingine kilikuwa kimezama ndani ya swichi ya gari, na swichi yenyewe imekaza, haizunguki kulia wala kushoto.

"Baridi hii," alisema. "Sakitu imeingia ndani ikaganda."

Ni kweli, umande ulikuwa umeganda, kioo cha mbele kilikuwa cheupe pe, na nyasi za uani zilikatikakatika chini ya viatu. Lakini mimi sikuwa na nafasi ya kusikiliza habari za hali ya hewa. Zamu yangu kiwandani inaanza saa moja, na msimamizi wetu hana dogo. Wanangu wawili walikuwa wameshakaa kiti cha nyuma na mabegi magotini: binti yangu, ambaye hasemi, na mdogo wake tunayemwita Kasuku, ambaye hanyamazi.

"Babu, mbona gari halilii?"

"Litalia tu, mjukuu wangu. Gari ni kubembelezwa."

Baba aliendesha mabasi miaka thelathini na minane bila kukwaruza hata kioo cha pembeni, na hachoki kutukumbusha. Alipostaafu alinunua hili gari dogo la bluu, na hilo ndilo linalomwamsha asubuhi. Lisipowaka siku moja, chai haimpiti kooni.

Mama alikuwa kondakta wake. Walijuana humo humo ndani ya basi, wakaoana, wakastaafu mwaka mmoja. Ila mama kazi hakuiacha. Akikaa kiti cha mbele, safari nzima ni kutangaza: "Kushoto pawazi. Tuta hilo. Punguza, kuna mama na mtoto. Haya, twende." Sisi wanawe tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kakaangu alisema hata siku ya kuzikwa, mama atamwelekeza dereva wa gari la jeneza. Hao wawili ndio waliowapeleka wanangu shule kila asubuhi. Jana yake, kwa mara ya kwanza, mama alisema goti linamsumbua, baba akasema basi atawapeleka watoto peke yake.

Baba alijaribu ujanja wote anaoujua. Akaikanda swichi kwa kitambaa cha maji moto. Akauchoma ufunguo wa akiba kwa kiberiti, akausukuma, nao ukagonga kile kipande kilichokatikia ndani. Hapo nikaenda mwenyewe kumgongea fundi wa kufuli, mtaa wa pili. Alikuja na kisanduku chake na kofia ya sufi, mafua yamemkaba, akapiga magoti kando ya usukani na kumulika tochi.

Akaingiza kiwaya chenye ncha iliyopinda, akakwangua, akatoa kitu kigumu, cheupe cheupe, kidogo kama ukucha wa mtoto. Akakivunja kwa meno, akatema.

"Mzee, barafu huyeyuka. Hii haiyeyuki. Hii ni gundi."

"Gundi ya nini?"

"Mtu amemimina gundi humu ndani. Na ni mpya, haizidi jana."

Nasema ukweli, damu ilinipanda kichwani. Nani mwenye roho hiyo, kumfanyia mzee wa watu? Sikutafuta mbali. Wiki iliyopita tu jirani yetu wa ukuta wa nyuma alilalamika kwamba moshi wa gari la baba unaingia jikoni kwake. Nilifika kwenye ukuta ule kabla akili yangu haijafika.

"Wewe! Toka nje uje utazame kazi ya mikono yako!"

Alitoka na mswaki mdomoni, taulo begani, mapovu yanamchuruzika kidevuni. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo, na mengine nikayatunga pale pale. Masikini akaapa kwa marehemu wazazi wake wote wawili. Baba naye yuko ndani ya gari, anapiga kelele tuite polisi.

Kasuku akatoa kichwa dirishani.

"Mama, hiyo si gundi ya bibi? Jana alinibandikia soli ya kiatu."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, amejitanda kanga mbili, mikono ameificha ndani. Goti lenyewe wala hakuliegemeza.

"Mwacheni jirani wa watu," alisema. "Ni mimi."

Jirani akautoa mswaki mdomoni. Fundi akazima tochi. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nikacheka.

"Mama, wewe umegandisha gari la baba?"

"Nilikosa njia nyingine ya kumzuia asiwachukue watoto peke yake. Nimemwambia mara ngapi aache kuendesha, hasikii. Baba yako haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, mwanangu. Haoni."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, kwenye kioo kilichojaa sakitu. Hakuwa amekifuta. Nikachukua kopo jekundu la chakula la Kasuku, nikasimama hatua tano mbele ya mlango wake uliokuwa wazi, nikaliinua juu.

"Baba, nimeshika nini?"

"Acha utoto. Wazazi hawafanyiwi mtihani."

"Baba, nimeshika nini?"

Akanikodolea macho, akayafikicha, akakodoa tena. Binti yangu, ambaye hasemi, akaanza kulia.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka wa pili huu," mama akasema.

Nikakaa kwenye tofali. Miaka miwili! Kila asubuhi nilisimama pale pale nikiwapungia mkono wanangu, nikaenda zangu kiwandani, moyo mweupe. Kushoto pawazi, tuta hilo, haya twende. Na mimi nacheka, na kuwasimulia wenzangu kazini nao wacheke! Kumbe yule mama hakuwa anatania. Alikuwa anamwendeshea gari kwa mdomo.

"Mlikuwa mnawabeba wanangu!" Sauti ilinitoka hata sikuitambua. "Wanangu, mama!"

"Usimpigie mama yako kelele," baba alisema, bado anatazama mbele. "Nilikuwa na macho yake. Miaka yote ile kwenye basi, nikirudi nyuma nilikuwa naona kwa macho ya nani? Kondakta akisema njoo, unakuja. Hatujamgusa hata kuku." Akamgeukia mama, au akageukia kule sauti yake ilikotoka. "Na wewe ungepanda tu, mama watoto. Goti haliangalii barabara. Umeniharibia gari kwa ajili ya goti?"

"Si goti."

"Ni nini basi?"

Mama alitoka mlangoni, akaja taratibu mpaka kwenye gari, akaweka mkono juu ya boneti.

"Jicho langu la kulia limezimika mwezi uliopita. Na la kushoto linalifuata."

Kasuku akarudisha kichwa ndani. Baba alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekataa chakula.

"Hapana. Jumamosi tulitoka wote. Pale kwenye reli nilisimama, nikakuuliza. Ukasema pawazi."

"Nilisema."

"Uliona pako wazi."

"Nilisikiliza," mama akasema. "Sikusikia kitu. Nikasema pawazi."

Jumamosi ile mimi nilikuwemo. Nilikuwa nyuma, katikati ya wanangu, namenya chungwa. Nakumbuka gari liliporuka juu ya vyuma vya reli nikakaripia maganda yasimwagike.

Fundi alijikohoza, akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akawasha tena tochi yake kwa sababu labda hakujua afanye nini kingine.

"Mzee," aliuliza, "niendelee kukitoa kipande?"

Baba aliitoa mikono kwenye usukani, mmoja kwanza, kisha wa pili, akailaza mapajani.

"Funga sanduku lako, fundi," alisema. "Gari hili halina dereva."